Matembezi au Ziara? Kamera katika Bustani ya Lodi

Katika lango moja la kale la Bustani ya Lodi, jijini New Delhi, limesalia jina ambalo leo hakuna aitaye bustani hiyo kwalo: Lady Willingdon Park, pamoja na tarehe, 9 Aprili 1936. Lady Willingdon alikuwa mke wa Makamu wa Mfalme wa Uingereza nchini India, na bustani ilifunguliwa kwa jina lake katika mwezi uleule ambao mumewe alimaliza muda wake wa kutawala. Mwaka 1947, India ilipopata uhuru, jina hilo likaondolewa na bustani ikaitwa kwa nasaba ya masultani waliozikwa humo. Basi mgeni anayeingia na kamera yake hupita, kabla hajapiga picha hata moja, baina ya majina mawili: la aliyetaka bustani iwepo, na la wafu ambao bustani imetandazwa kuyazunguka makaburi yao. Aghalabu hasomi hata moja kati ya hayo mawili. Macho yake yamekwisha kutangulia kwenye makuba.

Kiswahili kina neno la kulipimia jambo hili. Katika matumizi ya leo, ziara ni safari ya kutembelea mahali: rais hufanya ziara, wageni huandaliwa ziara. Lakini kwa watu wa pwani neno hilo halijapoteza maana yake nyingine, ya kulizuru kaburi. Lamu, wakati wa Maulidi, watu huandamana kwenda kulizuru kaburi la Habib Swaleh, wala hakuna asemaye kwamba wamekwenda kupunga upepo. Neno moja limebeba miendo miwili, wa mwenye kutazama na wa mwenye kukumbuka. Bustani ya Lodi ni mahali ambapo miendo hiyo hukutana katika njia moja, na picha zinazotoka humo zinaonesha, waziwazi kuliko maandishi mengi ya wasafiri, ni mwendo upi uliomshinda mwenzake.

Bustani ina ukubwa wa ekari 90 hivi, na kiingilio hakuna. Ndani yake yamo majengo ya nasaba mbili zilizotawala Delhi kabla ya Wamughal: Masayyid, tangu 1414 hadi 1451, na Walodi waliowafuatia hadi 1526. Upande wa kusini lipo kaburi la Muhammad Shah, sultani wa tatu wa Masayyid, la katikati ya karne ya 15. Katikati ya bustani limesimama Bara Gumbad, yaani Kuba Kubwa, pamoja na msikiti wake wa mwaka 1494. Na mkabala wake lipo Shish Gumbad, lililopata jina kwa vigae vyake vya buluu vilivyokuwa viking'ara mithili ya kioo. Kaskazini, ndani ya ukuta wa mraba, amezikwa Sikandar Lodi, aliyefariki mwaka 1517. Si mbali na hapo lipo daraja la Athpula, la zama za Akbar, lenye nguzo nane na matao saba.

Picha ya kawaida ya mahali hapa ina kanuni zake, kama utenzi ulivyo na zake. Kuba moja huwekwa kati, au kando kidogo ya kati. Tawi la mti hushushwa juu ya picha kama pazia. Njia ya mawe huanzia chini na kuliongoza jicho hadi mlangoni. Mtu mmoja, mdogo, huachwa apite kwa mbali ili ukubwa wa jengo ujulikane. Wakati uchaguliwao ni asubuhi ya majira ya baridi, ukungu wa Delhi unapolainisha kila pembe, au jioni, jua linapoyapaka mawe rangi ya asali. Picha hizi si mbaya. Nyingi ni nzuri, na uzuri si kosa. Kasoro yake ni kwamba kanuni hizo zingetumika vilevile Samarkand au Isfahan, na mtazamaji asitambue kuwa amehamishwa mji. Mshairi aliyezipata mizani na vina lakini shairi lake linaweza kumsifu mtu yeyote, bado hajamsifu mtu.

Kinachokosekana kwanza ni fani ya majengo yenyewe, kwa sababu fani hiyo ni ya miguu kabla ya kuwa ya macho. Kaburi la Muhammad Shah lina pande nane, na baraza yake hufunguka kwa matao matatu katika kila upande. Mwenye kulizunguka huyahesabu kama anavyohesabu mizani ya mshororo: matao matatu, pembe, matao matatu, pembe, mara nane, mpaka arejee alipoanzia. Juu ya paa vibanda vidogo vyenye makuba yao huurudia mpango huohuo kwa umbo dogo, kama kina cha kati kinavyotangulia kina cha mwisho. Urari huo hauwezi kuingia katika picha moja, kwa maana kamera haioni zaidi ya pande chache kwa pamoja. Aliyepiga picha moja na kuondoka amenukuu kipande cha mshororo na kukiita shairi.

Tena anayetoka hapo na kuvuka bustani hadi kwa Sikandar Lodi hukuta umbo lilelile la pande nane, lakini safari hii limezungukwa na ukuta na lina uwanja wake wa ndani. Kaburi la kwanza lilijionesha kwa kila ajaye. Hili lataka mtu aingie kwanza. Kwa sababu ya ukuta huo na uwanja wake, wanahistoria wa majengo hulitaja miongoni mwa mifano ya mwanzo ya kaburi lililo ndani ya bustani yake, mtindo ambao Wamughal waliufikisha kileleni katika kaburi la Humayun na katika Taj Mahal. Tofauti hiyo baina ya makaburi mawili, ambayo ndiyo hadithi ya karne nzima ya ujenzi, hujulikana kwa mwendo wa dakika kumi. Katika picha mbili zilizowekwa bega kwa bega, yote mawili ni makuba tu.

Cha pili kinachokosekana ni kijiji. Kabla ya 1936 majengo haya hayakuwa yamesimama peke yake juu ya majani yaliyokatwa vizuri. Palikuwa na kijiji kiitwacho Khairpur, kilichokua kuyazunguka, na watu wake waliishi kando ya makaburi kwa mazoea yale yale ambayo watu wa miji ya kale huishi kando ya makaburi yao. Kijiji hicho kilihamishwa ili bustani itandazwe. Mwaka 1968 mpango wa bustani ulitengenezwa upya kwa kazi ya Joseph Allen Stein, msanifu majengo Mmarekani aliyefanya maskani yake India, na sura inayoonekana leo ni tunda la mikono hiyo miwili. Anayepiga picha hufaidika na mambo hayo bila ya kuyajua. Akirudi nyuma hatua 30 ili kuba liingie lote, hatua hizo amefunguliwa na kuhamishwa kwa kijiji. Ule utulivu, ile nafasi safi baina ya mti na jiwe, ambayo huonekana kama imekuwepo tangu siku ya mazishi, ina umri mdogo kuliko umri wa wazee wengine walio hai.

Haifai kulifanya hili hukumu nyepesi. Bustani hii imekuwa neema kwa mji wenye joto na msongamano, na mawe yake yamehifadhiwa. Lakini mhakiki wa picha ana wajibu wa kuuliza nafasi tupu imetoka wapi, kama mhakiki wa ushairi anavyouliza kuhusu beti lililorukwa katika muswada. Utupu nao una mtunzi.

Cha tatu ni wafu wenyewe. Sikandar Lodi, ambaye kuba lake ni miongoni mwa yanayopigwa picha sana, alikuwa mshairi. Alitunga kwa Kiajemi, na lakabu yake ya ushairi ilikuwa Gulrukhi, inayotokana na maneno yenye maana ya waridi na uso. Historia inamkumbuka pia kwa ukali wake dhidi ya mahekalu ya Wahindu, na mambo hayo mawili yamelala katika kaburi moja bila ya kusuluhishwa. Mwanawe, Ibrahim, aliyemjengea kaburi hilo, hakujaliwa kulala kando ya baba yake. Aliuawa vitani Panipat mwaka 1526, akipigana na Babur, akazikwa hukohuko, na utawala wa nasaba yao ukakatika siku hiyo. Ndani ya Shish Gumbad yamo makaburi kadhaa ambayo wenyewe hawajulikani kwa yakini. Vigae vya buluu vilivyosalia juu ya ukuta vimedumu kuliko majina ya waliowekewa vigae hivyo.

Msomaji wa pwani hahitaji kufundishwa maana ya jambo hilo. Ameona makaburi ya nguzo ya Kunduchi, ambayo yalipambwa kwa sahani na bakuli za kaure kutoka ng'ambo, na ameona matundu yaliyobaki pale ambapo vyombo vimeng'olewa. Na ameirithi Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, ambamo majumba ya Pate yaliyojaa taa na wageni yamekuwa maskani ya ndege na wadudu. Utenzi huo hautazami magofu kwa sababu ya uzuri wake. Unayatazama ili uiulize nafsi swali: wako wapi? Swali hilo ndilo linaloyafanya magofu kuwa maneno. Mpiga picha katika bustani huuliza swali jingine: nisimame wapi? Ni swali la lazima katika sanaa yake, na asiyeliuliza hafai kushika kamera. Lakini likibaki peke yake, magofu hugeuka pambo, na kifo cha watu hugeuka mandhari.

Hata hivyo, kutaka wafu waonekane kwa nguvu nako kuna hatari yake, na mfano wake mkuu unatoka katika bustani nyingine ya India: Sikandar Bagh ya Lucknow, isiyohusiana na sultani wa Delhi ila kwa kufanana jina. Novemba 1857, wakati wa vita vya kuupinga utawala wa Kiingereza, majeshi ya Uingereza yaliivamia bustani hiyo na kuwaua wapiganaji wapatao 2,000 kwa hesabu ya Waingereza wenyewe. Mwaka 1858 Felice Beato, mpiga picha msafiri, alifika na kupiga picha ya jengo lililotobolewa kwa mizinga na uwanja wenye mafuvu na mifupa. Wapo wanahistoria wanaosema kuwa mifupa hiyo ilifukuliwa na kutandazwa ili picha ipate wafu wake. Ikiwa ndivyo, basi Beato alilijibu swali la wako wapi kwa jibu baya kuliko kimya: aliwatoa wafu makaburini wakatumikie picha. Baina ya picha inayowasahau wafu na picha inayowafukua ipo njia ya kati, na njia hiyo ndiyo adabu ya ziara. Mwenye kuzuru hulitolea salamu kaburi; halifunui.

Mfano wa njia hiyo ulitolewa na mtu asiyekuwa na kamera. Octavio Paz, mshairi wa Meksiko, alikuwa balozi wa nchi yake nchini India tangu 1962 hadi 1968, alipojiuzulu kulalamikia mauaji ya wanafunzi yaliyofanywa na serikali yake. Katika diwani yake Ladera este, iliyotoka mwaka 1969, limo shairi fupi mno kuhusu bustani hii. Mapigano ya Panipat hayamo, wala majina ya masultani. Kwa haraka, mtu angelidhania kuwa ni picha ya mtalii iliyoandikwa kwa maneno: makuba, ndege na anga. Tofauti imo katika kitenzi. Katika shairi la Paz makuba hayakai yakitazamwa. Yanatenda, na ndege ndio tendo lao. Jiwe zito lililojengewa kifo linatoa kitu chepesi chenye uhai. Mshairi hakumtaja mfu yeyote, lakini kaburi ameliacha libaki kaburi, na zito lake ndilo linaloufanya wepesi wa ndege uhisiwe. Mfasiri atakayelitia Kiswahili atasaidiwa na lugha yenyewe, kwa kuwa neno letu moja laweza kumbeba mtenda, wakati na mtendwa kwa mpigo. Kazi yake itakuwa ni kujizuia asiongeze. Ufupi wa Paz haukutoka katika haraka. Umetoka kwa mtu aliyeishi katika mji huo miaka sita.

Inasalia kuwataja walio hai, maana bustani ni yao kwanza. Alfajiri wamo wazee wanaotembea kwa kufuata agizo la tabibu, na watu wa yoga waliotandika mikeka. Mchana na jioni wamo wapenzi, waliojibanza nyuma ya miti na katika vizingiti vya makuba, kwa kuwa mji mkubwa hauna faragha nyingi ya kuwagawia vijana wasiokuwa na nyumba yao. Kwa jicho la mpiga picha wapenzi hao ni neema: umbo laini mbele ya jiwe gumu, ujana mbele ya mauti. Kwa wao wenyewe picha hiyo yaweza kuwa balaa, ikiwa itamfikia baba au kaka ambaye hakupaswa kujua. Waliijia bustani ili wasionekane.

Hapa msafiri atokaye visiwani ana elimu ambayo wasafiri wengi hawana, kwa kuwa kamera ameijua kutoka upande wa pili. Amekulia Mji Mkongwe au Lamu, akamwona bibi yake akivuta ukaya usoni baada ya mgeni kumwelekezea kioo cha kamera bila ya salamu. Naye huenda yumo, akiwa mtoto barazani, katika albamu za watu asiowajua. Akifika Delhi, hata miti haitamhisi mgeni kabisa. Miarobaini na mizambarau inayotia kivuli barabara za mji huo ni miti aliyoizoea kwa uchungu wa dawa yake na kwa doa lisilotoka kwenye shati la skuli, na yote miwili asili yake ni upande ule wa bahari. Ikiwa mtu kama huyu naye atapiga picha kama alivyopigwa, basi alichorithi kutoka kwa kamera ni dharau yake tu.

Hakuna haja ya kuilaani kamera. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya mbele ya Beit el-Ajaib, jumba lililojengwa Unguja mwaka 1883, iliporomoka na kuua watu. Siku ile picha zote zilizowahi kupigwa kutoka Forodhani, nzuri na mbaya, za wenyeji na za wapita njia, ziligeuka ushahidi wa kitu ambacho hakikuwepo tena vile kilivyokuwa. Aliyepiga mnara na roshani zile kwa sababu ya wekundu wa jua tu alikuwa, bila ya kujua, ameweka kumbukumbu. Picha ina uwezo wa kuzuru hata pale mpigaji alipotembea tu. Lakini uwezo huo huhitaji kitu kimoja ambacho picha yenyewe haina, nacho ni neno. Picha isiyo na jina la mahali, mwaka na mtu haimfikishi popote ajaye baadaye.

Ndiyo maana kazi ya msafiri haiishi kwenye kubonyeza. Maelezo mafupi yaandikwayo chini ya picha ndiyo mahali ambapo mpiga picha na mtunzi hukutana. Mwenye kuandika "Kuba, Delhi" ametoa taarifa ya matembezi yake. Mwenye kuandika "Kaburi la Sikandar Lodi, aliyefariki 1517, mshairi wa Kiajemi kwa lakabu ya Gulrukhi, uwanja wa bustani ni pale palipokuwa kijiji cha Khairpur hadi 1936" hakuongeza chumvi wala hakujidai. Maneno yake hayafiki mistari mitatu, na picha ileile, yenye tawi lilelile na ukungu uleule, imepata watu wake. Na kwa wale waliolala ndani ya Shish Gumbad, ambao hakuna jina la kuwaandikia, maelezo yaseme hivyohivyo: haya ni makaburi ya watu ambao majina yao yamepotea. Kusema hivyo nako ni kuwazuru.